Uzi maalumu: Mikono inayokatwa na mashine zikiwa kwenye matengenezo (vinu, dingdong za kupasulia magogo, randa)

Puli_Makambako

Kamwene wakuu.

Mavuno yameingia. Vinu vya mahindi kuanzia Ilula mpaka Tunduma vinasaga mchana na usiku, na mashine za mbao za Mafinga hazipumziki. Huu ndio msimu ambao fundi anaitwa haraka haraka, foleni ya ndoo na viroba iko mlangoni, na mwenye mashine anahesabu hasara ya kila saa. Ndio msimu ambao vidole vinabaki kwenye puli, lile gurudumu la mkanda.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya mkono wa fundi na wa saidia fundi, pale kava inapokuwa imeshafunguliwa. Anayesaga ana kava mbele yake, hata kama ni bati lililochakaa. Fundi hana, kwa sababu kazi yake inaanza kwa kuifungua. Kinachobaki kumlinda ni mashine kuwa imekufa kabisa. Kuizima hakutoshi. Mashine iliyozimwa bado ina umeme mlangoni, ina rota (sehemu inayozunguka) inayoserereka, na ina mtu mwingine anayeweza kubonyeza kitufe.

Hesabu ndogo, maana wengi tunaamini wepesi wa mkono. Mota ya kawaida ya kinu inazunguka mara 1,450 kwa dakika, karibu mara 24 kwa sekunde. Ukiwa na puli ya inchi 6 kwenye mota hiyo, mkanda unakimbia mita 11 hivi kwa sekunde. Mtu mzima aliye macho anahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kuhisi kitu na kuanza kuvuta mkono. Kwa muda huo mkanda umeshapita zaidi ya mita 2, na mkono wako mzima haufiki hata mita moja.

Mpangilio wa kuiua mashine ni huu. Waambie watu wote waliopo kwamba mashine inaingia matengenezo, akiwemo yule aliye kwenye mizani. Zima kwa kitufe. Nenda kwenye mein swichi ya mashine hiyo, iweke chini, ifunge kwa kufuli, na ufunguo uingie mfukoni mwako. Si mfukoni mwa mwenye kinu, wala juu ya boksi la swichi. Subiri kila kinachozunguka kisimame. Kisha rudi ubonyeze kitufe cha kuwasha. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayokuambia kama umezima swichi sahihi. Kwenye majengo yenye kinu na mashine ya kukoboa ubavuni, swichi nyingi hazina maandishi, na si ajabu kukuta mtu amezima ya kukobolea huku mkono wake uko kwenye ya kusagia. Mashine isipoitika, pima kwa tester kwenye vituo vya mota (pale waya zinapofungwa), fezi kwa fezi na kila fezi kwa nyutro. Kabla ya kupima, gusisha tester mahali unapojua pana umeme uone inafanya kazi, na ukimaliza kupima irudishe palepale. Tester iliyokufa inasema "hakuna umeme" sawasawa na tester nzima.

Karibuni, hasa wa mbao na wa umeme.

---

Umeme_Uyole

Mkuu Puli, niongeze kwenye la umeme maana hapa ndipo mtego mkubwa ulipo kwetu.

Umeme ukikatika watu wanasema: "Twende tukabadilishe mkanda sasa hivi, wakirudisha tuwe tumemaliza." Hakuna matengenezo ya hatari kuliko hayo. Mashine inayowashwa kwa mein swichi ya mkono, ile ya kushusha na kupandisha, haijui kwamba umeme ulikatika. Swichi imebaki juu. Umeme ukirudi, mota inaanza yenyewe, na fundi amelala chini ya mkanda. Kwa hiyo umeme ukikatika, swichi ishuke na kufuli lifungwe kabla hata ya kutafuta spana.

Dawa ya kudumu ni kontakta, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, yenye vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Koili ya kontakta inashikiliwa na umeme uleule kupitia kituo chake cha kujishikilia, ambacho kwa kawaida kimeandikwa 13 na 14. Umeme ukikatika koili inaachia, na ukirudi hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze kitufe tena. Mnaponunua angalieni maandishi kwenye koili, vituo A1 na A2. Ya volti 220 hadi 240 inafungwa kati ya fezi na nyutro, ya 380 hadi 415 inafungwa fezi kwa fezi. Ukiweka ya 240 kwenye fezi mbili, inaungua dakika hiyohiyo. Na kuna mafundi ambao kitufe kikisumbua wanapitisha waya wa moja kwa moja kati ya 13 na 14 ili "isaidie kwa muda". Waya huo umeondoa kinga yote niliyoieleza, na ukiukuta mahali, utoe kabla ya kufanya lolote lingine.

Jambo jingine ni jenereta. Penye chenji ova, ile swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta, ukifunga upande wa TANESCO peke yake bado hujafunga kitu. Kufuli likae kwenye swichi ya mashine yenyewe, baada ya chenji ova, ili umeme utoke popote usifike. Na mota za fezi moja zina kapasita inayobaki na chaji baada ya kuzimwa. Haikukati kidole, lakini inakustua na mkono unaruka kwenda usikotaka. Itoe chaji kwa taa ya kawaida au rizista, siyo kwa bisibisi.

---

Kinu_Chimala

Shukrani wakuu. Swali: vinu vingi vya huku Usangu vina mein swichi za zamani, boksi la chuma lenye mkono wa pembeni, tundu la kufuli limevunjika au halikuwahi kuwepo. Hapo fundi anafungaje? Na tukiwa mafundi wawili, ufunguo anashika nani?

---

Umeme_Uyole

Kinu_Chimala, penye swichi ya namna hiyo shusha mkono, fungua boksi, chomoa fyuzi zote tatu uingie nazo mfukoni. Kisha zungusha mnyororo mwembamba kwenye boksi lote na mkono wake, ufunge kufuli kwenye mnyororo. Fyuzi peke yake haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuweka waya badala ya fyuzi, na huko vijijini anaweza kweli. Mnyororo peke yake nao hautoshi kama mkono unaweza kusukumwa. Viwili pamoja vinatosha.

Mkiwa wawili, kila mmoja anafunga kufuli lake. Mnyororo hauna shida, kufuli la pili linaingia kwenye pingili nyingine ya palepale. Mashine haiwashwi mpaka makufuli yote yatoke, na kila mtu anatoa lake kwa mkono wake. Msiweke kufuli moja na "tumeelewana". Mmoja anamaliza upande wake, anadhani mwenzake kashatoka.

Kufuli liwe na funguo moja tu. Makufuli ya dukani yanakuja na funguo mbili tatu; hizo za ziada zisiachwe pale kinuni.

---

Puli_Makambako

Sasa nije kwenye mkanda wenyewe, maana ndio ukarabati unaofanyika mara nyingi kuliko wowote.

Mahali panapokata ni mdomo wa mkanda, pale mkanda unapoingia kwenye puli. Upande unaotoka unakutupa nje, upande unaoingia unakumeza. Kila puli ina mdomo mmoja, na ukizungusha kwa mkono kwenda kinyume, mdomo unahamia upande wa pili. Hilo la mwisho watu hawalifikirii: umeshika upande uliodhani ni salama, saidia fundi anazungusha kinyume ili mkanda uingie, kidole kinaingia nao. Hata bila umeme, rota nzito ikizungushwa kwa mkono ina nguvu ya kusaga mfupa wa kidole.

Kosa lililozoeleka ni kuvalisha mkanda kwa kuukunja na bisibisi huku unazungusha puli. Unavunja nyuzi za ndani za mkanda, hautadumu, na vidole vyako viko mdomoni. Njia sahihi haina haraka sana lakini haina damu. Legeza boltsi 4 za kitako cha mota, isogeze mota kuelekea kinu mpaka mikanda mipya iingie kwa mkono bila kulazimishwa, kisha irudishe mota nyuma kwa boltsi za kukazia. Badilisha mikanda yote kwa pamoja. Mmoja mpya kati ya mitatu ya zamani utabeba mzigo wote na kukatika, na utarudi kufungua kava tena wiki hiyohiyo.

Kukaza kwake kuna kipimo. Pima umbali kati ya puli mbili, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ubonyee kama milimita 16 kwa kila mita ya umbali huo. Ulinganifu wa puli unapimwa kwa uzi ulionyooshwa kwenye nyuso za puli mbili, mashine ikiwa imesimama: uzi uguse sehemu nne, mbili kwa kila puli. Nasisitiza kusimama, kwa sababu wengi wanawasha kava ikiwa wazi "waone kama inapepesuka". Uzi unakuonyesha yote kabla ya kuwasha.

Na nyundo. Unapobadilisha nyundo za kinu, vile vyuma vya ndani vinavyoponda mahindi, rota inajizungusha yenyewe kwa uzito, na nyundo moja ikianguka inabana kidole kati yake na chekecheo au bodi. Zuia rota kwa kabari ya mbao ngumu. Kabari hiyo ifungwe kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia nje, na kamba ya kitambaa hicho iunganishwe na ufunguo wa kufuli lako. Hutaweza kufungua swichi bila kukumbuka kabari. Nyundo zibadilishwe kwa jozi zinazotazamana, zenye uzito sawa. Usipofanya hivyo kinu kinatikisika, boltsi za kava zinalegea, kava inatolewa na "kuwekwa pembeni kwanza", na hairudi.

Kujua kama rota imesimama, paka mstari mweupe wa rangi kwenye uso wa puli, kutoka katikati hadi ukingoni. Puli laini inayozunguka inaonekana kama imesimama, hasa ndani ya kibanda chenye vumbi la unga na taa moja. Ukiuona mstari, imesimama. Ukiona uso wote una kivuli cheupe, bado inazunguka. Kinu kizito kinaweza kuserereka kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa, na wakati huo hakipigi kelele tena.

---

Dizeli_Mbozi

Wakuu, msisahau wa dizeli, bado wako wengi ambako nguzo hazijafika, na kwenye kahawa huku Mbozi pia.

Injini ya dizeli haina mein swichi, kwa hiyo inauliwa kwa njia nyingine. Zima kwa kukata mafuta, funga koki ya tangi, chomoa hendeli uondoke nayo, na kama kazi ni kwenye kinu, toa mkanda kabisa kwenye puli ya injini. Mkanda ukiwa umetoka, hata injini ikiwashwa na mtu, kinu hakisogei. Kama inawashwa kwa betri, ondoa waya wa hasi.

Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ikisimama usidhani imetulia. Pistoni inaweza kuwa imesimama katikati ya mgandamizo, na ukiigusa tu inarudi nyuma kwa nguvu. Kabla ya kuizungusha kwa mkono, inua kile kishikio cha kuachia mgandamizo. Kwa baridi hii ya Juni na Julai injini ni ngumu kuwaka na watu wanazungusha hendeli wakiwa na makoti mazito na skafu. Skafu ikigusa shafti, mkono unafuata kuiokoa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: nozo, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini. Ukiitoa nozo na kuipima kwa kupampu, usiweke kidole mbele ya mchirizi. Mafuta yanatoka kwa shinikizo la zaidi ya mara 150 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na yanapenya ngozi. Tundu linaonekana kama la sindano, haliumi sana mwanzoni, mtu anafuta anaendelea na kazi. Baada ya saa chache kidole kizima kimevimba na kinakufa kutokea ndani. Hilo ni la kwenda hospitali mara moja na kusema wazi: "dizeli imeingia kwa shinikizo". Usiposema, utapewa dawa ya maumivu na bandeji. Bomba la grisi la shinikizo linafanya vilevile.

---

Nyololo_Mbao

Kutoka Mufindi. Upande wa mbao nitasema machache.

Dingdong: bledi inanolewa ikiwa juu ya mashine, na mnoaji anaisukuma jino kwa jino kwa mkono mmoja huku tupa iko mkono wa pili. Injini iwe imezimwa na mkanda umetolewa, kama alivyosema Dizeli_Mbozi. Bledi ibanwe kwa vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, karibu na jino unalonoa. Mkono wa tupa usielekee jino. Vaa glovu ya ngozi kwenye mkono unaoshika bledi. Tupa iwe na mpini. Tupa isiyo na mpini ikikwama, mkia wake unaingia kwenye kiganja.

Randa: visu vinabadilishwa rota ikiwa imezuiwa kwa kabari, na spana unaivuta kwa namna ambayo ikiteleza ngumi yako inaenda hewani, siyo kwenye kisu cha jirani. Kila kisu unachokifungua kiwekwe kwenye boksi lake pale pale. Vumbi la paina lililojaa chini ya rota linatolewa kwa brashi au kijiti. Hata mashine ikiwa imefungwa kufuli, usiingize vidole. Visu viko palepale na ni wembe.

Na msumeno wa meza: lile jani la chuma nyuma ya bledi, linalozuia mbao isibane, watu wanalitoa wakati wa kubadilisha bledi na hawalirudishi kwa sababu bledi mpya ni ndogo au ni nene. Libadilisheni liendane na bledi. Bila hilo mbao inarudishwa nyuma na mkono unavutwa juu ya meno.

---

SaidiaFundi_Tukuyu

Samahani wakuu zangu, swali la mdogo wenu. Glovu zinavaliwa wakati gani? Kuna fundi anasema vaa muda wote, mwingine anasema kamwe.

---

Puli_Makambako

Mdogo wangu, swali zuri. Glovu ni ya kushika kitu kikali au cha moto ambacho hakizunguki: bledi, bati, kisu cha randa, chuma kilichotoka kuchomelewa. Penye kitu kinachozunguka kwa nguvu, yaani mashine ya kutobolea, shafti, puli, leithi, hakuna glovu. Ngozi ya kidole ikiguswa na shafti inachanika, na mara nyingi mkono unabaki. Glovu haichaniki, inajiviringisha na mkono ndani yake. Pete, saa na cheni vitoke kabla ya kazi. Pete ikinaswa inavua ngozi ya kidole kizima kama soksi, na kidole cha namna hiyo mara nyingi hakiponi. Mikono ya shati ikunjwe ndani, juu ya kiwiko.

Halafu akina mama wanaoleta mahindi: khanga inapita karibu na ncha ya shafti. Ncha ya shafti yenye kii (kile kipande cha chuma kinachoshikiza puli kwenye shafti) iliyochomoza au skrubu yenye kichwa inashika nguo haraka mno. Ikate iwe sawa na shafti, kisha ivike kopo la chuma lililofungwa kwa boltsi 2.

---

Grenda_Mwanjelwa

Naomba niseme la chombo ambacho sisi wa welding ndio tunakishika kila ukarabati: grenda. Tunaitwa kurekebisha kava za watu, na grenda zetu wenyewe hazina kava.

Grenda ndogo ya inchi 4 na nusu inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski yake imeandikwa inastahimili mara 13,300. Watu wanatoa kava ili waingize diski ya inchi 9, ambayo imeandikwa inastahimili mara 6,600 hivi. Kwa mizunguko ya grenda ndogo, ukingo wa diski hiyo kubwa unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, wakati imetengenezwa kwa mita 80. Ikipasuka, vipande vinaingia mkononi na usoni. Soma namba iliyo kwenye diski, soma iliyo kwenye grenda. Ya diski lazima iwe kubwa au sawa.

Msiweke bledi ya mbao yenye meno kwenye grenda. Inang'ata, inaruka, na hakuna mkono unaoweza kuizuia. Ukibadilisha diski, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa swichi ya grenda peke yake hakutoshi, maana swichi yake inabonyezwa na goti ukiwa umeipakata.

---

Kinu_Chimala

Turudi kwenye kava, wakuu. Fundi akiulizwa kwa nini hakuirudisha anasema: beringi inahitaji grisi kila siku, na kuna boltsi kumi za kufungua. Kwa kweli ana hoja. Kava itengenezwe vipi ili isimsumbue?

---

Grenda_Mwanjelwa

Ana hoja kabisa, na kava mbovu ndiyo inayotolewa. Hii ndiyo inayokaa.

Fremu ya angle ya inchi 1, unene wa milimita 3. Ijazwe wavu wa chuma wa kuchomelewa, siyo wa kuku. Wavu unakuwezesha kuona mkanda na joto linatoka, kwa hiyo hakuna sababu ya kuifungua ili kutazama. Upande mmoja uwe na bawaba 2, upande wa pili boltsi 2 za M10 zinazofunguliwa kwa spana. Usiweke komeo la mkono: kinachofunguliwa kwa mkono kitafunguliwa mashine ikizunguka. Kwa grisi, toa nipeli (kile kichwa cha kupitishia grisi) kwenye beringi, funga kibomba cha shaba cha milimita 6, kipitishe mpaka nje ya kava, na nipeli uifunge huko. Kijaze grisi kibomba chote kabla ya kukiunganisha, la sivyo utapampu siku tatu hewa ikiingia kwenye beringi kavu. Boltsi za kukazia mota nazo ziwe nje ya kava.

Umbali ndio unaokosewa kuliko yote. Tundu la mraba la wavu likiwa la milimita 12 hadi 30, wavu ukae angalau milimita 120 kutoka kwenye mkanda au puli, kwa sababu kidole kinapita na kiganja kinaishia hapo. Tundu la milimita 30 hadi 40, umbali uwe 200. Likizidi 40, mkono mzima unapita mpaka begani, na unahitaji milimita 850. Kwa hiyo ule wavu wa tundu la inchi 2 mnaouona umebandikwa sentimita 10 kutoka kwenye mkanda hauzuii chochote. Nunueni wa inchi 1 au nusu inchi. Kama nafasi ni finyu, tundu liwe chini ya milimita 10, na hapo wavu unaweza kukaa milimita 25.

Chini usiache pengo. Watu wanafunika juu na pembeni, mwanzo wa mdomo wa mkanda wa chini unabaki wazi, na ndipo mfagiaji anapopitisha mkono kuokota unga.

---

Muuguzi_Iringa

Nawasoma kwa makini. Niseme yanayofuata baada ya ajali, kwa sababu yanayofanyika pale kinuni mara nyingi yanaharibu kilichokuwa kinaweza kuokolewa.

Mkono ukiwa umenaswa: ua mashine, msivute, na msiwashe irudi nyuma kwa umeme. Legezeni boltsi za mota ili mkanda ulegee, au kateni mkanda, kisha zungusheni puli kinyume kwa mkono polepole, mtu mmoja akiwa ameshikilia mkono wa majeruhi.

Damu: kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha kwa kitambaa safi, dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Kamba ya kufunga mkono ni kwa damu inayoruka na isiyosikia kukandamizwa. Ukiifunga, iwe pana, na andika saa uliyofunga. Msiweke mafuta ya taa, majivu, sukari, kahawa wala grisi. Daktari atalazimika kuvikwangua vyote.

Kidole kilichokatika kitafutwe hata kama mnaona kimeharibika. Msikisugue. Kizungushieni chachi iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya drip ya chumvi, au maji safi ya kunywa, kitieni kwenye mfuko usiovuja, fungeni mdomo, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu wala kisielee ndani ya maji. Tangu 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, kwa hiyo msitegemee kuipata siku hiyo. Wekeni mifuko miwili safi ya kufungia ndani ya boksi la huduma ya kwanza, pamoja na chachi. Ikikosekana, glovu safi ya mpira inafaa. Kidole kilichopozwa vizuri kinaweza kusubiri hata saa 24, kisichopozwa takriban nusu ya hapo. Kiganja kizima chenye misuli hakina muda huo: saa 6 hivi bila baridi.

Pigeni simu hospitali ya rufaa kabla ya kuondoka, ya mkoa hapa Iringa au ya kanda Mbeya, wawaambie mwelekee wapi moja kwa moja. Majeruhi asile wala kunywa njiani. Sindano ya pepopunda aulizie, hata kwa jeraha dogo. Na kidole gumba kipewe uzito wake: peke yake kinafanya karibu nusu ya kazi ya mkono.

---

Umeme_Uyole

Ndaga fijo muuguzi.

Kwa waajiri na vibarua humu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na mashine zifunikwe. Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ofisi iko Mbeya. Fidia iko chini ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na kibarua wa siku naye ni mfanyakazi. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara na unatoka kwa mwajiri, haukatwi kwa mfanyakazi. Ajali ikitokea, mfanyakazi amjulishe mwajiri mara moja, na mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mfuko. Dai lenyewe lisivuke miezi 12. Pigeni picha ya mashine ilivyo siku hiyo, kava ikiwa imetolewa au imewekwa, kabla fundi mwingine hajaigusa.

---

SaidiaFundi_Tukuyu

Nimeelewa sana wakuu. La mwisho: tukimaliza kazi, kuwasha kunafuata mpangilio gani? Maana hapo huwa ni kelele, kila mtu anasema "piga".

---

Puli_Makambako

Hesabu spana zako kwanza, zote zirudi kwenye boksi. Toa kabari, kisha zungusha puli kwa mkono mizunguko miwili mizima, umeshika ukingo wa puli mbali na mkanda, usikie kama kuna kinachogonga. Rudisha kava, kaza boltsi zote, hata kama unajua utaifungua tena baada ya dakika tano. Kisha kila aliyefanya kazi asimame mbele yako umwone mikono yote miwili. Kila mmoja atoe kufuli lake. Anayebonyeza kitufe ni mmoja, na anabonyeza akisikia neno kutoka kwa fundi mmoja tu aliyetajwa kabla, siyo kutoka kwenye foleni. Piga mguso mfupi, zima, angalia mota inazunguka upande sahihi. Fezi zikibadilishwa inageuka. Ikiwa sawa, washa, iache izunguke tupu dakika 5 ukisikiliza, ukiwa umesimama pembeni ya mstari wa mkanda, siyo mbele yake.

Ukisikia kitu hakikai sawa, unaanza upya kuanzia swichi. Kufuli, ufunguo mfukoni, subiri mstari mweupe uonekane, jaribu kitufe, pima.